Gunia la kutoka kijijini linalala wapi? Namna ya kutengeneza shelfu imara katika banda la gari

Mavuno yakimalizika, mabasi yanayoshuka Dar es Salaam hayabebi abiria peke yao. Chini kwenye buti kuna magunia: mchele wa Kyela, mahindi ya Songea, maharage ya Kigoma. Kila gunia limeshonwa na mzazi au ndugu aliyebaki shambani, na juu yake imeandikwa kwa kalamu nene namba ya simu ya mtoto aliyeko mjini. Gunia likishushwa stendi ya Magufuli linapanda bajaji, linafika nyumbani, watu wanapiga simu kushukuru. Baada ya miezi miwili simu nyingine inapigwa: mahindi yameoza chini, au yana harufu, au yamejaa wadudu. Aliyetuma anaulizwa kama aliyakausha vizuri.

Msikilizaji wetu, inawezekana uliyakausha vizuri sana. Tatizo linaweza kuwa mahali gunia lilipolala.

Tuchukue Mbezi Beach. Hii si Mbezi Luis yenye stendi. Ni ile iliyo upande wa bahari, kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, katika Manispaa ya Kinondoni. Nyumba nyingi za huko zina banda la gari, chumba kikubwa chenye mlango mpana upande wa geti. (Wengine hukiita gereji, lakini kwetu gereji ni kwa fundi magari, kwa hiyo hapa tutasema banda.) Ukweli ni kwamba katika mabanda mengi gari halijalala humo kwa miaka. Gari linalala uani, na banda limekuwa stoo: baiskeli ya mtoto, vigae vilivyobaki wakati wa ujenzi, makopo ya rangi, mfuko wa saruji ulioganda nusu, jenereta bovu, mtungi wa gesi, chupa ya dawa ya mende, na katikati ya hayo yote, gunia lako limeegemezwa ukutani.

Mwandishi wa makala hii ana mama mdogo anayeishi huko. Alichoka na vurugu hiyo akamwita fundi amtengenezee shelfu. Fundi alikuja na vyuma vya pembe, akatoboa ukuta, akapachika plagi za plastiki na skrubu, akalaza mbao tatu nzuri zilizopigwa vanishi. Shelfu ilining'inia ukutani bila mguu hata mmoja, na ilipendeza kweli. Wiki ya pili usiku ilianguka yote kwa mpigo. Juu kulikuwa na makopo mawili ya rangi na chupa ya dawa ya kuua wadudu, chini yake gunia la mchele lililotumwa na kaka yake. Chupa ilipasuka, dawa ikapenya guniani, na mchele wote ukafukiwa shimoni. Mchana wa siku ileile mjukuu wake wa miaka minne alikuwa amekaa palepale chini akichezea vigae.

Fundi hakuwa mwizi wala mlevi. Alikosea kitu kimoja tu: aliukabidhi ukuta kazi ya kubeba mzigo.

Ukuta hushikilia, sakafu hubeba

Nyumba zetu nyingi, mjini na vijijini, zimejengwa kwa tofali za mchanga na saruji au za kuchoma. Ubora wa tofali hutofautiana sana, kwa sababu kuna mfyatuaji anayetoa tofali chache kwa mfuko mmoja wa saruji na kuna anayetoa nyingi mno. Tofali dhaifu ukilitoboa linatoa unga kama wa kiazi kikavu, na plagi inakaa humo kama jino linalocheza. Picha ya ukutani itakaa. Makopo ya rangi hayatakaa.

Hesabu uzito kabla ya kununua hata msumari. Gunia la mahindi, tukiacha lumbesa, ni kilo 100. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, nalo pipa la lita 200 ni kilo 200 bila kuhesabu pipa lenyewe. Magunia mawili na vitu vidogo vidogo vya nyumbani vinakaribia kilo 300. Uzito huo ni wa kushushwa moja kwa moja hadi sakafuni kupitia miguu. Ukuta uachiwe kazi ndogo ya kuizuia shelfu isianguke mbele mtoto akiipanda.

Jambo la pili ni umbali kati ya mguu na mguu. Jaribu hili nyumbani: weka ubao juu ya tofali mbili zilizoachana nusu mita, usimame katikati, uangalie unavyopinda. Sasa zisogeze tofali ziachane mita moja. Ubao ni uleule na wewe ni yuleyule, lakini sasa unapinda mara nane ya mwanzo. Ndiyo maana shelfu ndefu yenye miguu pembeni tu hubonyea kama machela hata ukinunua mbao ya bei kubwa. Mguu mmoja wa ziada unasaidia kuliko kubadilisha aina ya mbao.

Na mbao ya mbili kwa nne ikisimamishwa ubavu, yaani inchi nne ziwe wima, inastahimili kupinda mara nne zaidi kuliko ikilazwa. Waliowahi kuezeka nyumba wanalijua hili bila kusoma popote.

Ngazi nne na mbao za kulaza

Shelfu tunayoieleza ni ya kawaida kabisa. Unatengeneza ngazi fupi nne, unazisimamisha kwa mstari, kisha unalaza mbao juu ya vipandio vyake. Anayeweza kutengeneza ngazi ya kupandia darini anaweza kutengeneza shelfu hii.

Mbao nyingi madukani huuzwa kwa urefu wa futi 12, sawa na sentimita 366 hivi. Unahitaji saba za mbili kwa nne na sita za moja kwa sita. Mbao nne kati ya zile saba zikate katikati upate miguu minane ya sentimita 180. Tatu zilizobaki zitoe vipandio vya sentimita 70. Kila moja inatoa vitano, unahitaji 12, na vitatu vya ziada viweke kando, vitapata kazi. Zile sita za moja kwa sita nazo zikate katikati upate vipande 12 vya sentimita 180. Tisa ni vya kulaza, vitatu ni vya mikingamo.

Kila ngazi ina miguu miwili na vipandio vitatu. Laza miguu chini, upana wa inchi nne ukitazama juu, ukingo wa nje hadi ukingo wa nje uwe sentimita 70. Kati ya mguu na mguu itabaki sentimita 50 hivi, na hapo ndipo mbao tatu za inchi sita zitakaa na nafasi ndogo katikati yake. Kipandio cha kwanza kiwe sentimita 30 kutoka chini, cha pili sentimita 100, cha tatu 165. Vyote visimame ubavu.

Sasa sehemu ambayo mafundi wenye haraka huiruka. Kabla ya kufunga kipandio, chonga mguu kwa patasi kina cha nusu inchi ili kipandio kikae ndani ya mguu, mbao juu ya mbao. Hapo uzito unabebwa na mbao, msumari unabaki wa kufunga tu. Ukipigilia bila kuchonga, kilo zote zinaning'inia kwenye misumari miwili, na siku mbao ikikauka na kupasuka kidogo, utasikia kishindo. Mwenye keekee atumie bolti mbili kila kiungo, na asisahau washa. Asiye nayo apigilie misumari ya inchi nne mitatu kwa kuipisha, isikae kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao, kisha ncha zinazotokea upande wa pili azikunje kwa nyundo.

Kabla ya kukaza, hakikisha ngazi imenyooka. Kama huna kona mraba, pima sentimita 60 kwenye mguu na 80 kwa njia ya kukatiza. Umbali wa mshazari ukiwa 100 kamili, kona ni sawa. Au pima kutoka kona hadi kona pande zote mbili. Vipimo viwili vikilingana, umemaliza.

Simamisha ngazi nne zikiachana sentimita 60, laza mbao tatu kila tabaka, pigilia. Ukitikisa sasa hivi, kitu kizima kitayumba kama mlevi, usiogope. Chukua vipande viwili vya mikingamo uvipigilie mshazari nyuma ya shelfu, kimoja kikielekea kulia na kingine kushoto. Cha tatu kikate nusu, upate vya ubavuni, kimoja kwa kila ngazi ya mwisho. Tikisa tena. Tofauti yake utaisikia mkononi. Shelfu isiyo na mikingamo ndiyo inayolala upande wiki moja baada ya kujazwa, na watu husingizia mbao.

Mbao, chumvi na mchwa

Mbao nyingi laini zinazouzwa Dar es Salaam ni za paina kutoka nyanda za juu kusini. Shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote ya serikali. Mbao zikitoka huko mara nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi. Utaijua kwa uzito na kwa ubaridi ukiigusa na shavu. Mbao mbichi ukiifunga leo, wiki sita baadaye imejikunja na bolti zimelegea. Zipange kivulini kwa wiki mbili tatu, ukiweka vijiti kati ya mbao na mbao hewa ipite. Unaponunua, inua ncha moja, funga jicho moja, uangalie kwa urefu kama unalenga bunduki. Iliyopinda irudishe palepale. Kifundo kikubwa katikati ya kipandio pia kikatae.

Zipo mbao zilizotiwa dawa kiwandani, zenye rangi ya kijani. Mchwa hawazipendi, na kwa miguu ya shelfu zinafaa. Lakini dawa hiyo mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Usilaze nafaka isiyo na mfuko juu yake. Vaa kitambaa puani unapoikata, fagia unga wake wote, na vipande vilivyobaki visiingie jikoni. Hili tunalisema kwa mkazo kwa sababu wapo akina mama wanaookota vipande kwa seremala na kupikia. Moshi na majivu yake vina sumu ileile.

Wengi hupaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Inafukuza kwa muda, lakini inanuka, inashika moto kwa urahisi, na harufu yake inaingia kwenye mchele. Kama lazima uitumie, iishie kwenye nguzo za uzio nje. Katika banda lenye chakula kuna njia rahisi zaidi: mwache mchwa aonekane. Mchwa hupita ndani ya handaki la udongo kwa sababu hapendi mwanga na hewa kavu. Shelfu ikiachana na ukuta kwa kiganja, na tabaka la chini likiwa sentimita 30 juu ya sakafu, handaki lolote litaonekana mguuni unapofagia Jumamosi. Ulibomoe, utafute linakotoka. Shelfu iliyobanwa ukutani huliwa kwa nyuma huku mbele inang'aa.

Kwa Mbezi Beach kuna adui mwingine, hewa ya bahari. Chumvi hula chuma. Vyuma vya mraba vya kuchomelea, ambavyo Morogoro au Singida vingekaa miaka mingi, karibu na bahari huanza kutoa kutu palepale kwenye viungo vya kuchomelea. Anayetaka shelfu ya chuma asugue viungo kwa msasa, apake rangi ya kuzuia kutu kwanza, ndipo rangi ya mafuta ifuate mara mbili, na azibe ncha za vyuma ili maji yasiingie ndani. Hata kwa shelfu ya mbao, chagua misumari na bolti zilizopakwa zinki. Bei inapanda kidogo, lakini msumari mweusi wa kawaida pwani huacha machozi ya kutu kwenye mbao mapema sana.

Kisha kuna maji. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, zikafuatiwa na masika ya 2024, ziliingia katika nyumba nyingi za Dar es Salaam ambazo wenyewe walidhani ziko juu. Banda la gari ndilo la kwanza kupata maji kwa sababu sakafu yake iko chini na mlango wake hauzibi. Hata bila mafuriko, saruji hunyonya unyevu wa ardhini na kuupandisha. Chini ya kila mguu weka kipande cha tofali au kigae, na juu yake kipande cha plastiki ngumu kilichokatwa kutoka kwenye dumu lililotoboka. Mbao isiguse saruji.

Mwisho wa ujenzi ni kufunga shelfu ukutani, na hapa usitoboe tofali. Tafuta nguzo ya zege au lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango. Funga sehemu mbili, kulia na kushoto, kwa kipande cha chuma au waya mnene uliosokotwa mara mbili. Vile vipande vitatu vya vipandio vilivyobaki viweke kati ya shelfu na ukuta, ili nafasi ya kiganja isipotee ukikaza waya.

Nini kikae wapi

Vizito chini, vyepesi juu. Hilo kila mtu analijua, na kila mtu analivunja siku ya kwanza, kwa sababu kopo la rangi ni rahisi kulipandisha na gunia la matandiko linaonekana kubwa. Magunia yakae tabaka la chini, yakiachana kidogo ili mkono upite. Tabaka la kati lichukue vifaa vya kila siku. Juu weka mablanketi, masanduku ya nguo, ndoo tupu.

Dawa za wadudu, za panya, za mifugo na viuatilifu vya shambani visikae kwenye shelfu hii kabisa. Ukiviweka chini mtoto anavifikia, ukiviweka juu vinaweza kuvuja juu ya chakula. Tengeneza kisanduku kidogo chenye kufuli, kiwe ukuta wa pili, mbali na nafaka. Na dawa isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji.

Petroli ya jenereta au ya pikipiki isilale ndani ya banda, wala mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haitoki kupitia dirishani, inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye kona hadi cheche ipatikane. Mtungi ukae nje, wima, kivulini, penye hewa.

Tukirudi kwenye gunia lako, shelfu haiwezi kuokoa mahindi yaliyofika mabichi. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga. Sumukuvu haionekani kwa macho wakati wote, na kupika hakuiondoi. Kabla ya kushona gunia, tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, funga, tikisa kwa dakika chache, iache itulie kidogo. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani juu ya turubai. Chumvi ikibaki inaanguka yenyewe, yapo tayari kusafiri. Ukiweza kuyatia kwenye mfuko wa PICS, ule wenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya wa nje, wadudu watakosa hewa. Lakini mfuko huo ukiburuzwa sakafuni au panya akiutoboa, kazi yake imekwisha. Hiyo ni sababu nyingine ya kuuinua sentimita 30 kutoka chini.

Usijaze shelfu mpya siku hiyohiyo. Weka madumu kumi ya maji tabaka la chini na matano la kati, jumla kilo 300, uache usiku mzima. Asubuhi angalia kama kuna mguu uliozama, kiungo kilichofunguka, au mbao iliyopinda kupita unene wa kidole. Baada ya mwezi rudi na spana uzikaze bolti zote, kwa sababu mbao itakuwa imekauka zaidi.

Mama mdogo alitengenezewa ya namna hii na kijana wa jirani kwa siku mbili, na vipandio viwili vilichongwa vibaya vikarudiwa. Mjukuu bado anachezea vigae mle bandani. Ameambiwa asipande kwenye shelfu, na anapanda.